Mgagani na Mahali Upendapo Kuota

Wasikilizaji, leo nataka kusema nanyi habari za mboga ambayo kwa kawaida hajaipanda mtu, nayo ni mgagani. Waluo huiita dek, Wakisii huiita chinsaga, na huku Bariadi akina mama huichuma bila kuuliza imetoka wapi.

Swali hilo lafaa kuulizwa. Mgagani hupenda udongo uliotifuliwa wenye samadi: kando ya nyumba, jaani, na zaidi ya yote katika zizi lililohamwa. Msukuma ni mfuga ng'ombe. Basi mvua zianzapo, pale walipolala ng'ombe mwaka jana utayaona majani yake, matano matano juu ya kikonyo kimoja kama vidole vya mkono, na baadaye maua meupe. Mahali pema kuliko hapo pa kuchuma sipajui.

Huota pia katika shamba la pamba, na hapo ndipo penye hatari. Pamba ya Simiyu hupigwa dawa ya wadudu, na dawa haichagui jani. Mama apaliliaye huuona mgagani umestawi miguuni pake, akautia kikapuni kwa ajili ya chakula cha jioni. Kuuosha hakuondoi sumu yote. Nawasihi, mgagani wa shamba lililopigwa dawa ung'olewe ukatupwe. Ule wa zizini uachwe, na mashina machache yazae mbegu. Mbegu hizo zikichumwa leo na kupandwa kesho hazioti vizuri; zihifadhiwe kavu miezi kadhaa, ndipo zipandwe karibu na nyumba, na safari ya kwenda kuchuma shambani itakwisha.

Wako wanaolalamika kwamba ni mchungu. Kweli, lakini wakimwaga maji ya kuchemshia, sehemu ya vitamini humwagika pamoja nayo. Heri kuupika kwa maziwa au karanga: uchungu hupungua, na mafuta yaliyomo huusaidia mwili kupokea vitamini A, ilindayo macho ya watoto.

Kwa siku za kiangazi mgagani hukaushwa. Desturi ni kuuanika juani, nalo jua kali huiharibu vitamini hiyohiyo. Uanikwe kivulini penye upepo, juu ya mkeka safi, ugeuzwe mara kwa mara, kisha utiwe katika chombo chenye kifuniko.