Kakao ya Ngana na Vimeng'enya Vyake

Leo ukila, chukua tonge la wali mtupu, bila mchuzi. Usilimeze upesi. Litafune kama dakika moja hivi, utaonja utamu. Sukari hukuweka, imetoka kwenye wanga wa mchele. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari, na mate yana kimeng'enya kiitwacho amilesi kinachoukata. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha kazi ya namna hiyo bila yenyewe kwisha.

Vimeng'enya vina kazi pia kwenye kakao yetu ya hapa Ngana, Kyela. Mbegu mbichi ni chungu, zinakausha mdomo, na harufu ya chokoleti haimo kabisa. Ukizilundika na ute wake, ukazifunika kwa majani ya mgomba, hamira za asili hugeuza sukari ya ute kuwa kileo, kisha bakteria hukigeuza kuwa siki. Lundo hupata moto, hadi nyuzi 45 au 50. Mbegu hufa, kuta za seli zake hulegea, na vimeng'enya vilivyotengwa humo hukutana na protini na kuzikatakata. Vipande hivyo ndivyo vinavyotoa harufu ya chokoleti mbegu zikikaangwa. Kimeng'enya kingine huleta ule ukahawia, kama ndizi iliyomenywa inavyogeuka rangi.

Ndiyo maana huwa naumia nikiona kakao imeanikwa siku ileile ya kupasuliwa. Maji yakikauka, vimeng'enya husimama. Ivundike siku 5 au 6, uigeuze ili hewa iingie, ndipo uianike.