Kopo, Rula na Daftari la Mvua
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo sikuja kuwauliza herufi wala hesabu za kutoa. Nimekuja tuongee habari ya mvua. Juzi nilimkuta mzee mmoja wa darasa letu anapanda mahindi mara ya pili. Mbegu ya kwanza ilikauka ardhini. Akaniambia, "Mwalimu, kilimia nimekiona, siafu wamehama, upepo umegeuka. Dalili zote zimekuja. Mvua yenyewe ndiyo haikuja."

Maneno hayo yamenikaa moyoni. Dalili za wazee ni elimu, tusizicheke. Lakini zilipimwa kwa misimu ya zamani, na misimu inabadilika.

Tuutazame mkoa wetu huu wa Manyara. Mwanzoni mwa mwaka 2022, kule Simanjiro, maelfu ya mifugo ilikufa kwa kukosa maji na malisho. Mizoga ilitapakaa mbugani. Haikupita miaka miwili, tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili alfajiri, maji na tope vikashuka kutoka Mlima Hanang. Vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kama Gendabi. Nyumba zilifunikwa, magogo na mawe yakajaa barabarani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mkoa ni huo huo mmoja: kwanza ukame, kisha tope.

Siku zile watu walisema ati mlima umelipuka. Siyo. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalegea, ikameguka. Ikashuka pamoja na maji, ikikusanya miti na mawe njiani.

Sasa je, inakuwaje jambo moja lilete ukame na pia lilete mafuriko? Fikirini kibuyu. Hewa ni kama kibuyu cha kubebea mvuke wa maji. Hewa ikipata joto, kibuyu kinakuwa kikubwa. Kila joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Sentigredi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi, kama sehemu 7 katika kila 100. Kibuyu kikubwa kinanyonya maji mengi mashambani na mabwawani, na kinachelewa kujaa. Lakini siku kikimwagika, kinamwaga mengi kwa mara moja. Na joto la dunia limekwisha panda zaidi ya nyuzi 1 tangu miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka 2023 tulikuwa pia na El Nino, yaani maji ya bahari ya Pasifiki yalipata joto kuliko kawaida. Hiyo ilikuwako tangu zamani. Sasa inakuja juu ya dunia iliyokwisha pata joto.

Joto hili linatokana hasa na moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa viwandani, katika magari na katika mitambo ya umeme. Ukataji wa misitu nao umo. Hapa niseme langu. Katika mikutano mingi namsikia mama anayeuza magunia mawili ya mkaa akilaumiwa kana kwamba yeye ndiye aliyeipasha moto dunia nzima. Miti tuipande, hasa kwenye miteremko, maana mizizi hushika udongo. Lakini moshi mwingi umetoka nchi tajiri zenye viwanda, na jembe la mkono halitoi moshi.

Basi sisi tufanye nini? Mimi nasema tuandike. Kalamu tunayo sasa.

Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, lisilo pana juu na jembamba chini. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti na upenu, lisitikisike. Kila siku saa 3 asubuhi ingiza rula, soma milimeta, andika tarehe na kipimo, kisha mwaga maji. Siku isiyo na mvua andika 0. Msiidharau hiyo 0. Ndiyo itakayoonyesha ukame ulianza lini.

Milimeta 1 ni lita 1 katika kila meta mraba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza "mvua kubwa", maana yake ni zaidi ya milimeta 50 kwa saa 24. Katika ekari moja, milimeta 50 ni kama lita 200,000. Hayo ni mapipa 1,000 makubwa, katika ekari moja tu! Mkiyajua hayo, tangazo la redio halitapita masikioni kama wimbo. Mimi mwenyewe, mwalimu wenu, Agosti 2023 nilisikia likitangazwa kuwa mvua za vuli zitakuwa nyingi. Nikabadilisha stesheni. Nikasema, "Kila mwaka husema hivyo." Sijisifu kwa hilo.

Mliojenga chini ya mlima, mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, angalieni. Ardhi ikipasuka, miti ikiinama, chemchemi ikitoa maji ya tope, au mkisikia mngurumo juu, ondokeni bondeni na pembeni mwa korongo. Usirudi kuchukua godoro.

Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nikiandika msimu mmoja nitajua kama mvua imebadilika?" Hapana, mama. Mwaka mmoja ni hali ya hewa tu. Tabianchi hupimwa kwa miaka kama 30. Kwa hiyo daftari hilo utamwachia mwanao, naye aendelee.

Tutakutana Alhamisi saa 10 jioni, chini ya mwembe wa shule. Kila mmoja aje na kopo. Rula ninazo nne, tutaazimana.