40% yetu iko wapi?
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, komini ya Katuba, Lubumbashi

 

Mimi niko na diploma ya uchumi, na siko na kazi. Anayenilisha ni mama, anauzisha unga sokoni. Kila asubuhi kuko mtu anapita na kitabu cha tikiti. Mama analipa. Siku ingine anapewa tikiti, siku ingine yule mtu anakamata feza na kwenda. Nilimuuliza: mbona hautoi karatasi? Akajibu: "We mwenye masomo, unataka karatasi ao unataka mama yako auzishe?" Mama akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza.

Kuko wenzetu wanasema: basi tusilipe tena kodi. Hapo siko pamoja nao. Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu; inasema tena kuchangia ni wajibu wa kila mtu anayeishi katika Congo. Hatuwezi kuchagua neno moja na kuacha lingine.

Lakini fungueni kifungu kinachofuata, cha 175. Katika mapato ya taifa, 40% ni ya majimbo, na inapashwa kukatwa palepale feza inapoingia, mbele haijapanda Kinshasa. Kwa kila franka 1.000, 400 ni ya majimbo. Tunaishi namna gani? Yote inapanda kwanza, kisha tunangojea kile watakachorudisha, na siku watakapopenda. Gavana anakuwa kama mtoto anayeomba feza ya mkate.

Watatuambia haiwezekani. Uongo. Kodi ya madini, ile redevansi, Kodi ya Madini ya 2018, samahani, Sheria ya Madini ya 2018, inaigawanya tayari: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% miji na sekta kule wanakochimba, 10% mfuko wa vizazi vya kesho. Kampuni inalipa kila mmoja kwenye konti yake. Kama inawezekana kwa shaba, itashindikana juu ya nini kwa kodi zingine?

Na feza ikibaki huku, nani ataichunga? Hapa tujisemee ukweli. Munakumbuka RAM, ile kodi ya simu? Unaweka uniti, wanakata. Watu walilalamika, na 2022 ikaondolewa. Tulicheza, tukarudi nyumbani. Wangapi kati yetu waliendelea kuuliza ile feza ilifanya nini? Mimi sikuuliza.

Serikali inapashwa kuweka bajeti mbele ya Bunge bila kupita tarehe 15 Septemba, na kikao kinafungwa 15 Desemba. Miezi tatu. Watu watano watano, kila kundi likamate kitu kimoja: barabara, shule, maji. Muulize mudepite wenu vitu viwili: walipanga ngapi, na walitoa ngapi kweli. Maana kwenye karatasi kila kitu kimejengwa.

Bajeti ya jimbo nimeenda kuiomba kwenye ofisi moja, mara tatu. "Njoo kesho." Mara ya tatu wakaniuliza niko wa chama gani. Siku ya kwanza, saa tatu ya asubuhi, ninarudia. Nikiwa peke yangu watanifukuza tena. Wenye kuja, muandike majina kwa dada aliye pale mlangoni.