Kidole cha Mutombo na sanduku letu



Niliombwa kusema na vijana juu ya mchezo. Nimemuchagua Dikembe Mutombo, aliyetuacha tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Wengi mnamujua kwa kidole chake. Akizuia mpira wa mpinzani, anakiinua na kukitikisa: hapana, si hapa kwangu. Waamuzi walipoanza kumuadhibu, alikitikisia watazamaji. Vijana wetu pale kiwanjani wanaiga hicho kidole, na si vibaya. Lakini leo tuangalie mkono mzima.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alienda Marekani na bursi, akitaka kuwa daktari. Kule chuo kikuu cha Georgetown, mwalimu John Thompson alimuingiza katika timu ya basketi. Masomo hakuyatupa: alimaliza lugha na diplomasia, kisha akaingia NBA mwaka 1991. Alicheza misimu 18, na mara 4 alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka. Vijana, sikieni hapo. Sifa yake kubwa haikuwa kufunga. Ilikuwa kulinda.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Yeye na mke wake Rose walilea watoto wao pamoja na watoto wa ndugu zao waliofariki. Mwaka 1996, wasichana wa timu yetu ya Zaire walipofika Olimpiki ya Atlanta, yeye ndiye aliwalipia nguo za mchezo na gharama zingine. Sisi Wakongo tunapenda kuvaa, na kuvaa vizuri si kosa. Ila yeye alifikiri pia wenzake watavaa nini.

Halafu kuna mama yake, Biamba Marie. Alipougua Kinshasa, barabara zilifungwa juu ya vita, hakufika hospitali, akafa. Mtoto wake alikuwa na pesa, lakini siku ile pesa haikuweza kufungua njia. Ndipo akajenga hospitali ya vitanda 300 kule Masina, yenye jina la mama. Mradi ulikuwa wa dola milioni 29. Zaidi kidogo ya nusu, milioni 15, ilitoka mfukoni mwake. Alianza yeye, kisha akaomba wengine.

Mtaniambia: yule alikuwa na mamilioni, sisi tumerudi na mabeseni na mahema. Ni kweli. Hakuna anayetuomba kujenga hospitali. Lakini kila mmoja hapa anajua usiku wetu. Uchungu unamushika mama saa saba za usiku, kituo cha afya kiko mbali, wanaume wanaanza kutafuta tipoi, mwenye pikipiki anauliza: nani atalipa? Wakati tunapita nyumba kwa nyumba kuchanga, saa zinaenda. Hata kwetu njia inafungwa, bila risasi.

Basi pendekezo letu kwa mkutano huu ni hili. Kila juma, juu ya mchango wa kawaida, kila mwanachama aongeze franga 500 kwa sanduku la wagonjwa. Pesa isikae mjini. Ikae kwa mama mmoja mtakayemuchagua, karibu na stendi ya pikipiki, na usiku asiulize saini ya mtu. Hesabu itasomwa kila mwisho wa mwezi, mbele ya wote. Na asiye na franga 500 asifukuzwe, maana mgonjwa wake pia ni wetu.

Kwenu wafadhili: tunaomba muongeze juu ya kile mtakachokuta ndani ya sanduku. Msiweke pahali petu. Sanduku likijazwa na wageni peke yao, siku wakiondoka, tunarudi kwa tipoi.

Na ninyi vijana, mkirudi kiwanjani, inueni kidole. Lakini kwanza muandikishe majina yenu kwa sekretari, kwa zamu ya kubeba wagonjwa pale pikipiki haipiti.