Kilomita 18 za Mwisho: Kutua kwa Vyombo katika Kanda ya Dhahabu



Jioni hii nataka tuzungumze jinsi rubani aliyezingirwa na mawingu anavyoipata njia ya kutulia ndege, na kwa nini kwetu huku Shinyanga kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyostahili kuwa.

Ndege ikiwa kilomita 18 kutoka kiwanjani, kosa la digrii moja tu la mwelekeo linaiweka zaidi ya mita 300 pembeni ya mstari wa kati. Njia yenyewe, mara nyingi, ina upana wa mita 30 au 45. Kituo cha redio cha VOR, msaada wa miaka mingi wa marubani wetu, kinaweza kukosea digrii kadhaa na bado kikahesabiwa kuwa kizima. Mfumo wa kutua kwa vyombo, yaani ILS, ni makini zaidi. Antena iliyo mwisho wa njia hurusha mawimbi yenye milio miwili, mmoja ukitawala kushoto na mwingine kulia; inapolingana nguvu, hapo ndipo mstari wa kati ulipo. Antena nyingine humwonyesha rubani mteremko, kwa kawaida wa digrii tatu, yaani kushuka takriban mita 52 kwa kila kilomita.

Hata aliye na ILS bado ana kazi. Ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa, ikipigwa na upepo wa ubavu wa kilomita 37 kwa saa, hulazimika kuelekeza pua karibu digrii 10 upande unakotoka upepo ili isisukumwe nje ya mstari. Rubani anapochomoza mawinguni, njia haiko mbele ya pua. Iko pembeni ya kioo. Macho yanamwambia amepotea, naye ana sekunde chache tu za kuyakatalia. Akiielekeza pua kwenye taa, anauacha mstari aliokwisha kuupata. Njia nyembamba nayo humfanya adhani yuko juu mno, akashuka kupita kiasi. Na usiku, juu ya ziwa au pori lisilo na taa, hana kitu cha kupimia kimo chake kwa macho.

Macho hudanganya hata mchana. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua Arusha, kwenye njia isiyofika hata nusu ya urefu wa ile ya Kilimanjaro, ikasimama kwenye majani. Njia za viwanja hivyo viwili zimeelekea upande mmoja na zina namba zile zile. Abiria wote walishuka salama.

Bukoba hatukubahatika. Asubuhi ya 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, karibu kabisa na kiwanja kisichokuwa na ILS. Ndani walikuwamo watu 43. Walifariki 19, marubani wote wawili wakiwamo. Waliotangulia kuokoa walikuwa wavuvi. Sidai kwamba kifaa kimoja kingewaokoa wote. Nadai kwamba dhoruba ile si mgeni. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya ziwa na kujenga mawingu ya radi, na upepo wa mashariki huyasukuma hadi ufuko wa Kagera, iliko Bukoba, alfajiri na asubuhi. Jambo linalojulikana hivyo lapaswa kupangiwa ratiba na vifaa.

Sasa tuitazame kanda yetu ya dhahabu. Ndege zimezoea kutua hapa tangu enzi za mwanzo za mgodi wa almasi wa Mwadui. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na migodi hiyo ina viwanja vyake. Chato ina njia ya lami ya kilomita tatu. Hapa Shinyanga, kwenye kiwanja cha Ibadakuli, tumeingojea lami kwa hamu. Lakini lami haimwambii rubani aliye mawinguni kitu chochote. Wala haisaidii kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba vinapofifisha upeo wa macho.

Wapo wanaosema setilaiti zimemaliza tatizo. Zimesaidia sana, na taratibu za kutua kwa setilaiti ni nafuu kuliko kujenga ILS kila wilaya. Ila katika ukanda wa ikweta tabaka la ionosfia huchafuka, hasa baada ya jua kuzama, na ishara za setilaiti huchelewa au hukatika. Vituo vya ardhini vya kupima na kusahihisha kasoro hizo ni uwekezaji ambao Afrika Mashariki inapaswa kuufanya kwa pamoja.

Kwa hiyo, kiwanja kikizinduliwa, msiulize urefu wa njia peke yake. Ulizeni taa za kuongoza kutua ziko wapi, nani anapima upepo na mawingu saa hiyo hiyo, na ramani ya kutua kwa vyombo imethibitishwa lini. Waulizeni wabunge wenu, iulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Na siku mkiwa ndani ya ndege, rubani akatangaza kwamba haoni njia na anarudi Mwanza, msimlalamikie.