Kadi ya Mlangoni



Juma hili tuzungumze juu ya jambo tulifanyalo kila siku bila kulifikiria. Kijana wa Butiama hupanda gari hadi Musoma mjini, akaingia katika duka la steshenari na kukodi kompyuta. Anaandika neno lake la siri, anajaza maombi ya mkopo wa masomo, analipa, anafunga ukurasa na kuondoka. Moyoni anajisemea kwamba neno lake la siri hakumpa mtu. Ni kweli hakumpa. Lakini je, yuko salama?

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kompyuta inayotunza tovuti, yaani seva, haikumbuki sura. Kila ukifungua ukurasa, kwake wewe ni mgeni mpya. Ili isikuulize neno la siri kila mara, ukishaingia hukupa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Programu unayosomea kurasa huitunza tokeni hiyo na kuionyesha kwa niaba yako. Kuufunga ukurasa peke yake hakuifuti.

Mfano wake ni kadi ya harusi pale Bunda. Msimamizi wa mlangoni hakujui; anakagua kadi. Ukiiangusha njiani, atakayeiokota ndiye atakayekula pilau yako. Na mwenye tokeni yako, kwa seva, ndiye wewe.

Hii si hofu ya bure. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wavamizi wameiba tokeni za watumiaji wake, na baadaye ikasema akaunti zilizoibiwa ni kama milioni 30. Maneno ya siri hayakuchukuliwa. Dawa ilikuwa kubatilisha tokeni za akaunti karibu milioni 90, na wenyewe wakalazimika kuingia upya.

Ndugu wasikilizaji, tumezoea kumlaumu mtumiaji. Mimi nasema mzigo mkubwa ni wa mtengenezaji wa mfumo. Tokeni iwe isiyoweza kubahatishwa, itolewe mpya kila mtu aingiapo, na isafiri kwa njia iliyofungwa. Mtu akikaa bila kufanya lolote, ife yenyewe. Wataalamu wa OWASP hutaja dakika 2 hadi 5 kwa mifumo nyeti. Neno la siri likibadilishwa, tokeni zote za zamani zife. Na kitufe cha kutoka kiifute ndani ya seva yenyewe. Kuna mifumo inayomwonyesha mtu kwamba ametoka, kumbe kadi yake bado inapokelewa mlangoni. Huko ni kumdanganya mwananchi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Basi ofisi inaponunua mfumo, iulize swali moja: mtu akitoka, kadi yake inachanwa?

Nasi tutimize wajibu wetu. Kabla ya kuinuka kwenye kompyuta ya kukodi, bonyeza kitufe cha kutoka. Kama uliunganisha WhatsApp ili upate kuchapa barua, fungua simu yako, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ukiondoe hicho cha dukani.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Seva ndiyo yenye daftari la kadi hizi. Anayelishika na alishike vyema.

Kwaherini hadi juma lijalo.