Honi Nyuma ya Baiskeli
Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 unamhesabu mwendesha baiskeli kuwa dereva, na unaelekeza kuwa honi, yaani kifaa cha kutoa tahadhari kwa sauti, itumike hasa kuepusha ajali. Hata hivyo, katika barabara nyingi za Dar es Salaam honi imegeuzwa amri ya kupisha njia, mazoea ya hatari yasiyostahili kuvumiliwa. Mchukuzi wa mkaa aliyefunga magunia mawili kwenye keria, anapopigiwa honi ya ghafla mgongoni, hushtuka, usukani ukayumba, na gurudumu la mbele likateleza kutoka kwenye lami hadi kwenye changarawe, ambako mzigo humwangusha, pengine upande wa magari yenyewe. Kukaa kwake mbali kidogo na ukingo, jambo linalowaudhi madereva, si ukaidi, kwa kuwa pembeni ndiko kwenye mashimo na mchanga. Uingereza, ambako magari hupita kushoto kama Tanzania, iliingiza katika kanuni zake mwaka 2022 kipimo cha angalau mita 1.5 kati ya gari na baiskeli inayopitwa kwa mwendo wa mjini, na dereva asiyepata nafasi hiyo hutakiwa kusubiri nyuma.